Ukiwa na Dai Mbele ya Wazee, Anza na Mabinti wa Selofehadi

Wapo wanawake ambao sauti yao ya maombi kanisani husikika hadi barabarani, ila kikao cha ukoo kikianza hawana neno. Kama una jambo la kudai, liwe la urithi au ada ya mtoto, fungua Hesabu 27.

Humo wamo Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Baba yao, Selofehadi, alifia jangwani bila mtoto wa kiume, na jina lake lilikuwa linapotea pamoja na fungu lake la ardhi. Binti hao walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na mkutano wote. Tazama walivyopanga maneno. Walitaja kwanza kifo cha baba. Wakaziba mapema mdomo wa mwenye shaka: hakuwa katika kundi la Kora lililoasi. Wakauliza kwa nini jina lake lifutwe, ndipo wakasema wanachotaka, yaani urithi kati ya ndugu za baba yao. Hawakumtukana mtu. Musa mwenyewe hakuwa na jibu. Alilipeleka shauri kwa Bwana, nao wakapewa haki.

Basi andika dai lako kwa sentensi nne au tano. Pingamizi unalolihofia zaidi lijibu kabla halijaulizwa. Lisome kwa sauti mbele ya mtu atakayekukosoa bila kukuonea haya. Na kama dada zako nao wamo katika jambo hilo, nendeni pamoja.

Kufunga nako kuna nafasi yake. Kabla ya kumwendea mfalme na haja yake, Esta alifunga siku tatu, akawaomba Wayahudi wote wa Shushani wafunge kwa ajili yake. Kinachosahaulika ni kwamba baada ya hapo alivaa mavazi ya kimalkia, akamwalika mfalme Ahasuero karamuni, na karamu hiyo ikaisha bila yeye kutaja haja yake. Akamwalika tena kwa karamu ya kesho yake. Maombi hayakumwondolea kazi ya kuchagua saa. Kwa hiyo usimvamie baba mkubwa msibani.

Hasira zikishapanda, fuata njia ya Abigaili. Daudi alikuwa anakuja kuishambulia nyumba yake, akiwa na watu wapatao 400 wenye panga. Abigaili alipakia punda mikate 200, viriba viwili vya divai na kondoo watano waliokwisha kuandaliwa, akavitanguliza kabla ya kufungua kinywa. Mumewe, Nabali, hakuambiwa kitu mkewe alipoondoka, jambo ambalo semina za ndoa hulipita haraka.

Ukikubaliwa, usilale. Katika Yoshua 17 Musa amekwisha kufa, na mabinti wale wale wanalazimika kwenda kwa Eleazari na Yoshua kukumbusha agizo ndipo wapewe ardhi. Kabla kikao hakijafungwa, omba uamuzi uandikwe pamoja na tarehe na majina ya waliohudhuria, watie sahihi, nawe uondoke na nakala yako.