SOMO KWA WANACHAMA: MIMBA YA MBWA MDOGO WA NYUMBANI

Katika vijiji vya Ruhembe mbwa ni mlinzi wa nyumba na wa shamba. Ndiye anayewabwekea nyani na nguruwe mwitu wanapoingia katika miwa, na ndiye anayemwamsha mwenye nyumba usiku. Hata nyumba isiyomruhusu kuvuka kizingiti humtegemea. Lakini mwanachama yule yule aandikaye kwa wino siku ng'ombe wake alipopandwa, siku ya mbwa huiacha katika kumbukumbu za watoto. Somo hili lahusu tarehe hiyo, kwa kuwa karibu kila uamuzi juu ya mbwa mwenye mimba huitegemea.

Mbwa jike kwa kawaida huingia joto mara mbili kwa mwaka, na kila mara hali hiyo huchukua yapata majuma matatu. Sehemu yake ya uzazi huvimba, hutokwa na damu, na madume ya mtaa mzima hukusanyika uani. Aweza kupandwa kwa siku kadhaa na madume tofauti, hata watoto wa tumbo moja wakawa na baba zaidi ya mmoja. Kwa hiyo yafaa ziandikwe tarehe mbili: siku ya kwanza na siku ya mwisho alipoonekana na dume. Mimba huchukua wastani wa siku 63. Ikihesabiwa tangu kupandwa yaweza kuwa siku 57 au hata 72, kwa sababu mbegu za dume huishi siku kadhaa tumboni zikingoja mayai yapevuke. Mbwa aliyepandwa tarehe 10 Julai, basi, atazamiwe kuzaa karibu na tarehe 11 Septemba.

Mwenye kuitafakari hesabu hiyo ataiona hatari iliyomo. Septemba imo katika msimu wa kuvuna miwa, na mashamba huchomwa moto kabla ya kukatwa. Mbwa anayekaribia kuzaa hutafuta mahali penye giza na utulivu. Akikosa nyumbani, miwa iliyo nyuma ya nyumba itamfaa sana. Moto ukiwashwa, mama aweza kukimbia. Watoto, ambao macho hufunguka baada ya siku 10 hadi 14, hawawezi, na mara nyingine mama huwarudia. Kwa sababu hiyo, majuma mawili kabla ya tarehe iliyoandikwa, atengenezewe pahali pake: sanduku au pembe ya banda isiyopitwa na watu, magunia safi na makavu, na ukingo wa kuzuia watoto wasitambae nje. Aanze kulala humo mapema apazoee. Shamba la jirani likipangiwa kuchomwa siku hizo, mbwa afungiwe uani. Katibu wa chama anayeijua zamu ya uvunaji aweza kumwarifu mwanachama mapema. Kazi hiyo ni ya dakika moja.

Dalili za mimba huja polepole. Kati ya juma la tatu na la nne chuchu huwa nyekundu na kuanza kukua. Tumbo huonekana baada ya juma la tano, ingawa kwa mbwa mwenye mtoto mmoja laweza lisionekane kabisa. Dalili hizi zaweza kudanganya. Kiasi cha miezi miwili baada ya joto, jike asiye na mimba aweza kuvimba chuchu, kutoa maziwa, kutandika malazi na hata kubeba kiatu kikuukuu kama mwanawe. Bwana mifugo aweza kuitambua mimba kwa kupapasa tumbo karibu na siku ya 28. Asiye na ujuzi asilibonyeze.

Chakula kiongezwe kuanzia juma la tano au la sita, kidogo kidogo na mara nyingi, maana tumbo la chakula hubanwa. Ugali mtupu hautoshi; aongezewe dagaa, yai au mabaki ya nyama. Wapo wanaompa unga wa mifupa au chokaa ili apate maziwa mengi. Hilo ni kosa, kwani mwili huzoea kupewa na kushindwa kujitolea chokaa yake wakati wa kunyonyesha. Wala asipewe dawa yoyote, hata ya minyoo, bila ushauri wa bwana mifugo.

Siku ya kuzaa ikikaribia, joto la mwili, ambalo huwa kati ya nyuzi 38 na 39, hushuka chini ya 37.5, na kwa kawaida uchungu huanza katika muda wa siku moja. Mbwa mdogo aliyepandwa na dume kubwa, au mwenye mtoto mmoja mnene, ndiye hasa wa kuchungwa. Bwana mifugo aitwe upesi ikiwa amesukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, ikiwa saa mbili zimepita kati ya mtoto na mtoto na wengine wangalimo, au ikiwa uchafu wa kijani umetoka kabla ya mtoto wa kwanza. Mtoto aliyekwama asivutwe. Swali la kwanza la bwana mifugo litakuwa alipandwa lini. Asiye na tarehe hawezi kueleza kama mbwa amechelewa au bado.

Katika majuma matatu ya kwanza ya kunyonyesha, mama akitetemeka, akikakamaa miguu na kuhema sana, amepungukiwa chokaa katika damu. Jambo hilo huwapata mbwa wadogo zaidi, na laweza kuua siku hiyo hiyo. Watoto waondolewe kwake na apelekwe kutibiwa bila kungoja asubuhi.

Minyoo huwapata watoto wangali tumboni, na hupitia pia katika maziwa. Tena aina moja huwadhuru watoto wa binadamu wanaochezea mchanga uani. Dawa ianze wakifikia majuma mawili na irudiwe kila baada ya majuma mawili hadi waachishwe kunyonya. Wakifikia miezi mitatu wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, na tarehe ya chanjo iandikwe katika ukurasa ule ule.