Shoka la Kuazima

Somo: 2 Wafalme 6:1–7

Wana wa manabii walikuwa wanafunzi, tena wa bweni. Nyumba ikawabana, wakashuka Yordani kukata miti. Mmoja akiwa anakata, chuma cha shoka kikatumbukia majini. Angeweza kunyamaza. Yeye akalia, akasema wazi kwamba lile shoka ni la kuazima.

Neno hili nawaletea nyinyi vijana mnaovuka daraja la Nyali kila asubuhi kwenda chuo pale Tudor, na mlioko Pwani kule Kilifi. Tangu Novemba 2022, ChatGPT ilipofunguliwa kwa watu wote, shoka la kuazima liko kwenye simu. Unaipa swali, insha inatoka kabla chai haijapoa, unaandika jina lako juu.

Na sisi Wakenya tusijifanye wageni. Kabla ya mashine, vijana wetu ndio waliokuwa mashine: wahitimu wamekesha wakiwaandikia insha wanafunzi wa Uingereza na Marekani. Mwaka 2024 ilitoka filamu juu yao, The Shadow Scholars, ikimfuata profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya. Kijana mmoja aliniuliza, "Mchungaji, si ni kazi tu? Inanilipia karo." Njaa naijua, sikumkemea. Nilimwuliza tu: huyo nesi unayemwandikia, utakubali amdunge mamako sindano? Akanyamaza.

Kuazima si dhambi. Iulize hiyo akili unde ikueleze hesabu iliyokushinda, kisha mwambie mwalimu umeitumia wapi. (Muulize kwanza kama anaruhusu; wengine hawataki kabisa.)

Lakini mwangalie Elisha. Hakumpa kijana shoka jipya. Alimwuliza limeanguka wapi, naye akamwonyesha mahali. Anayeficha hana mahali pa kuonyesha. Mwalimu anasoma insha iliyonyooka, anadhani umeelewa, anaendelea na somo, na wewe umezama palepale. Kumbe ungeandika mistari minne mibovu ya kwako, angeona unapokwama. Na chuma kilipoelea, Elisha hakumwokotea. Alimwambia akichukue mwenyewe.

Ijumaa baada ya maombi nitabaki na wale wenye miradi ya utafiti. Njoo na ulichoandika wewe, hata kama ni nusu ukurasa.