SOMO: NANI ANAMTUNZA MWENYE KUKESHA NA WAGONJWA?
Kusoma: 1 Wafalme 19:1-8, Kutoka 18:13-23



Huku kwetu Kabambare, mgonjwa ambaye dawa zimemshinda hurudishwa nyumbani, akae na watu wake mpaka mwisho. Jamaa wakichoka, wanaitwa mama zetu wa kanisa. Wanamwosha, wanamgeuza, wanakesha naye. Hawalipwi.

Kule Kampala, Daktari Anne Merriman alianzisha mwaka 1993 kazi inayoitwa Hospice Africa Uganda. Wagonjwa wanapewa morfini ya kunywa ili maumivu yapungue, na watu wa vijijini wanajitolea kuwatembelea. Lakini hao wanafundishwa kwanza, na wauguzi wako nyuma yao. Sisi tunawatuma mama zetu na maombi tu.

Niungame kosa langu. Mama mmoja nilimtuma kwa wagonjwa watatu, mmoja baada ya mwingine, na wote tukawazika. Shamba lake la muhogo likaliwa na majani. Kisha akaacha kuja kwenye ibada. Nikasema imani imepoa, nikaenda kumgombeza. Akanijibu: “Baba shemasi, tangu tuzike yule wa tatu sijalala usiku mzima. Na hakuna aliyeniuliza.” Nilikosa neno.

Tumtazame Eliya. Alilala chini ya mti akiomba afe. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha mara ya pili ale tena. Ndipo akatembea siku 40 mpaka Horebu. (Sisi tungemhubiria kwanza, na njaa yake tumboni.) Naye Musa alikuwa anahukumu watu toka asubuhi mpaka jioni, mkwe wake Yethro aliona atachoka kabisa, akamwambia agawe kazi.

Basi, mtu asikeshe usiku mbili mfululizo. Akiwa kwa mgonjwa, wengine wampalilie shamba na kuwapikia watoto wake. Sadaka itoe sabuni na mipira ya mikono. Na baada ya mazishi asitumwe kwingine upesi. Tumtembelee, aongee, alie kama anataka kulia. Machozi hayo si ukosefu wa imani.

Jumapili baada ya ibada tutaandika majina ya zamu, wanaume pia. Usiku wa Jumatano nimeuchukua mimi.