Mimba, vipimo na watoto tunaowaita mazezeta

Katika darasa la akina mama ninalosomesha baada ya Alasiri, siku moja mada ilikuwa subira. Nikatoa mfano wa mzazi aliyejaaliwa mtoto zezeta, nikasema huyo kapewa mtihani mzito. Darasa lilipoisha mama mmoja akanifuata. "Ustadh," akasema, "mwanangu mtaani wanamwita mtihani, wakwe zangu wanamwita mtihani. Sikutaraji kuyasikia hayo msikitini." Nilimuomba radhi. Makala hii ni sehemu ya radhi hiyo.

Mwanawe ana sindromu ya Down. Hali hii ina jina la tabibu wa Kiingereza, John Langdon Down, aliyeieleza mwaka 1866. Chanzo chake kilijulikana mwaka 1959, pale Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake walipotangaza kuwa watoto hawa wana kromosomu 47 badala ya 46. Ile ya 21 wanazo tatu. Aghalabu si ya kurithi. Mama wa miaka 20 uwezekano ni kama mtoto mmoja katika 1,500, wa miaka 40 ni kama mmoja katika 100. Basi yule mume anayemwambia mkewe "kwetu hakuna watoto wa namna hii", kisha akamkimbia (wapo, tunaswali nao safu moja), hana hoja ya kitabibu wala ya kisheria.

Siku hizi vipo vipimo. Tangu mwaka 2011 damu ya mama, kuanzia wiki ya 10 ya mimba, inaweza kuonesha dalili. Uhakika hupatikana kwa kuchukua maji ya uzazi, kuanzia wiki ya 15, jambo lenye hatari ndogo ya kuharibu mimba. Nchini Denmark kila mjamzito hupewa nafasi ya kupima tangu mwaka 2004. Wanaoambiwa mtoto ana hali hii, zaidi ya asilimia 95 huitoa mimba. Mwaka 2019 nchi nzima walizaliwa watoto 18 tu.

Msomaji usiseme hayo ni ya Wazungu. Wanandoa wawili wameshaniuliza: tukipima tukaambiwa hivyo, je, dini inaruhusu?

Mwaka 1990 Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, liliamua kuwa mimba iliyotimiza siku 120 haitolewi hata kama mtoto ana ulemavu, ila uhai wa mama ukiwa hatarini. Kabla ya hapo liliruhusu, kwa sharti kuwa jopo la madaktari waaminifu limethibitisha ulemavu mkubwa usiotibika, ambao utayafanya maisha ya mtoto kuwa mabaya na yenye maumivu kwake na kwa wazazi, na wazazi wawe wametaka.

Hapo ndipo penye suala. Je, maisha ya mtoto huyu ni mabaya? Mimi naona wengi wao hawamo katika sharti hilo. Karibu nusu huzaliwa na kasoro ya moyo, na nyingi hurekebishwa kwa upasuaji. Katika nchi zenye matibabu mazuri wengi hufika miaka 60. Hujifunza, ila taratibu. Maumivu makubwa ya yule mama hayakutoka kwenye kromosomu; yametoka kwa wakwe, kwa majirani, na kwangu.

Kupima kwenyewe sikuharamishi. Mwenye kujua mapema atajiandaa kujifungulia penye daktari wa moyo. Lakini tunaharamisha kutoa mimba kwenye mimbari, na mtoto akizaliwa tunamficha uani. Mtume (S.A.W.) alimfanya Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu, kuwa muadhini wake, na akamuachia Madina aliposafiri. Kwetu madrasa ngapi zimewahi kumsajili mtoto mwenye sindromu ya Down?

Yangu haikuwa imemsajili hata mmoja. Sasa yule kijana anakuja Jumamosi. Al-Fatiha amefika aya ya nne, na wenzake wakiharakisha huwanyamazisha kwa mkono.