"Sehemu Chache" Maana Yake Nini? Somo la Joto na Radi

Mwaka huu nimekabidhiwa ukurasa wa somo. Ngeli na viambishi nimeviacha vipumzike kidogo. Nataka tuzungumze juu ya utabiri wa hali ya hewa, ule unaosomwa baada ya habari wakati wengi wetu tumeshaanza kusukuma viti tukienda zetu. Hasa ninao moyoni utabiri wa Januari hadi Machi, kiangazi chetu, ambapo jua hutuchoma mchana na radi ikatushtua jioni.

Bwenini mwetu kuna jamaa mmoja ambaye haamini utabiri ng'o! Hoja yake ni hii: "Walisema mvua ya ngurumo itanyesha sehemu chache za Magharibi. Mbona kwetu halikuanguka hata tone?" Kaka, kwani wewe ulisikia nini? Katika lugha ya watabiri wetu, maneno hayo hayatumiwi ovyo. "Sehemu chache" ni pungufu ya asilimia 33 ya eneo linalotajwa. "Sehemu kadhaa" ni kati ya asilimia 33 na 66. "Sehemu nyingi" ni zaidi ya hapo. Tuseme eneo lina vituo 12 vya kupimia mvua. Ukiambiwa sehemu chache, tarajia vituo visivyofika vinne vipate mvua. Tisa au zaidi vitabaki vikavu, na huenda shamba la babako liko huko. Mtabiri hajasema uongo hapo.

Lakini kuna kosa la pili, na hili kwangu ndilo baya zaidi. Mtu akisikia "chache" hudhani ni mvua ndogo. La hasha! Neno hilo linahesabu mahali, halipimi nguvu. Wingu moja tu la radi, likiwa peke yake angani kama kisiwa, laweza kumwaga mvua ya mawe na kuua mtu, huku kijiji cha pili wakianika mahindi juani.

Utabiri wa msimu nao una hesabu yake. Kituo cha ICPAC kilichoko Ngong hutoa mwelekeo wa misimu kwa nchi 11 za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki. Hicho hugawa uwezekano mafungu matatu: juu ya kawaida, kawaida, chini ya kawaida. Ukiona ramani imesema asilimia 45 kwa joto la juu ya kawaida, bado kuna asilimia 55 ya mambo kuwa vingine. Ni mizani, si ahadi.

Sasa, joto na radi vinahusianaje? Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mimi ningeongeza kwamba dalili ya mawingu ni joto. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji ya Ziwa Viktoria. Hewa ya nchi kavu huwa nyepesi, hupanda, na upepo wa ziwani huingia kujaza nafasi yake ukibeba unyevu. Ukifika miinuko ya Kisii, Kericho, Nandi na Kakamega hukutana na upepo unaotoka mashariki. Zikishagongana, hewa haina pa kwenda ila juu. Huko juu kwenye baridi kali, vipande vya barafu hugongana ndani ya wingu, na mgongano huo ndio unaotenganisha chaji za umeme. Ndiyo maana asubuhi huwa shwari, saa sita jua la utosi, halafu saa kumi tunasikia mbingu zikinguruma. Wakulima wa chai wa Kericho na Nandi wanaijua mvua ya mawe kuliko kitabu chochote. Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani, na radi huhamia juu ya maji, kwa wavuvi wa omena na taa zao.

Tuje kwenye joto lenyewe. Kiswahili kina neno zuri mno ambalo hatulitumii vya kutosha, nalo ni fukuto. Joto la Lodwar ni kavu; la Mombasa mwezi wa Machi ni fukuto. Mwili wenye afya una joto la digrii 37 hivi. Hewa ikikaribia hapo, njia ya kujipoza inayobaki ni jasho, na jasho halipozi kwa kutoka, hupoza kwa kukauka. Palipo na unyevu mwingi jasho hutiririka tu bila kukauka, kwa hiyo digrii 33 za Mombasa zaweza kukuchosha kuliko 36 za Lodwar. Lakini wa Lodwar asijisifu! Kule jasho hukauka kabla hujaliona, unaishiwa na maji mwilini ukidhani uko sawa.

Halafu kumbukeni kwamba kipimo kinachosomwa redioni ni cha kivulini. Kipimajoto hukaa ndani ya kisanduku cheupe kilichoinuliwa kutoka ardhini, chenye kuta za vibao vinavyopitisha hewa. Kisanduku hicho kilibuniwa na mhandisi wa Scotland, Thomas Stevenson, ambaye mwanawe Robert Louis ndiye aliyetunga hadithi tuliyotafsiriwa kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. (Kumbe fasihi na jiografia ni ndugu!) Basi ukiambiwa digrii 31, usidhani ndizo zilizoko katikati ya uwanja wa hoki, au ndani ya darasa lenye bati lisilo na dari.

Wanaosema joto halijawahi kuzuia masomo, watazame majirani. Mwezi wa Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule zote kwa kuwa joto lilitarajiwa kufika digrii 45. Februari 2025 ikazifunga tena wiki mbili, baada ya wanafunzi kuzirai mjini Juba.

Mtu aliyezidiwa na joto huanza kwa kulegea, kichwa kumzunguka, kichefuchefu na jasho jingi. Mpelekeni kivulini, mlegezeni nguo, mpeni maji anywe polepole. Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, au akapoteza fahamu, hapo si uchovu tena; joto la mwili huenda limepita digrii 40 na ubongo uko hatarini. Mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na mtu mwingine akimbie kutafuta gari la hospitali. Msimnyweshe chochote asiyejitambua.

Hapa sasa ndipo penye fumbo ninalotaka walimu wa michezo walifikirie. Muhula wa kwanza ni wa hoki, raga, handiboli na basketi. Tukifanya mazoezi saa nane, jua linatumaliza. Tukisogeza hadi saa kumi ili kukwepa jua, kwa upande wetu huu wa ziwa tumejipeleka wenyewe kwenye saa ya radi! Maoni yangu ni kwamba siku ambazo utabiri umetaja joto kali na ngurumo, hata kama ni za sehemu chache, mazoezi yafanywe saa kumi na mbili alfajiri. Najua tutapiga miayo. Heri miayo.

Na ikibidi tuwe uwanjani jioni, masikio yawe wazi. Umeme ni ule mwanga. Ngurumo ni sauti yake. Radi, neno lililotoka kwenye Kiarabu likiwa na maana ya ngurumo, sisi twalitumia kwa lile pigo linaloshuka. Mwanga hufika papo hapo, sauti huchukua kama sekunde tatu kwa kila kilomita. Ukihesabu sekunde 30, radi iko umbali wa kilomita 10, nayo yaweza kuruka umbali huo na kupiga mahali ambapo bado kuna jua. Kwa hiyo filimbi ipulizwe ngurumo ya kwanza ikisikika, wala tusingoje mvua. Na turudi uwanjani dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Kukimbilia wapi? Si chini ya mti, si kwenye hema, si kwenye kibanda cha nyasi wala jukwaa la mashabiki. Jengo imara lenye nyaya na mabomba ya maji, au ndani ya basi la shule lenye bodi ya chuma, ndiko afadhali. Jengo lisilo na kinga ya radi nalo laweza kuleta msiba. Juni 2011, katika Shule ya Msingi ya Runyanya wilayani Kiryandongo, Uganda, radi iliua wanafunzi 18. Novemba 2024, katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, Uganda hiyo hiyo, iliua watu 14 waliokuwa wamekusanyika kwa ibada. Fimbo ya chuma juu ya paa, iliyounganishwa kwa waya mnene hadi ardhini, ndiyo inayohitajika. Je, mabweni yetu yote yanayo? Nimezunguka nikahesabu: mawili yanayo, matatu hayana.

Kuna wanaofunika vioo na kuvua nguo nyekundu mvua ikija. Sitawacheka, nyanya yangu ni mmoja wao. Ila kuna imani moja inayoua, nayo ni kwamba aliyepigwa na radi haguswi. Jamani, aguswe! Mwili wake haubaki na umeme. Mara nyingi moyo au pumzi ndiyo imesimama, na wa kumwokoa ni yule aliye karibu. Mlazeni chali, mbonyezeni katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, kama mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana, mpaka apumue au daktari afike.