Kumtunza Mtu Aliyepandikizwa Figo: Mwongozo kwa Watoa Huduma za Afya na Waajiri Mkoani Simiyu

1. Walengwa

Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata. Upasuaji wenyewe huisha kwa saa chache mikononi mwa mabingwa. Kazi inayobaki ni ya miaka, na hufanyika huku huku nyumbani: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega.

Mwongozo huu ni wa waganga na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya, wauzaji wa maduka ya dawa muhimu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na waajiri. Jambo kuu la kushika ni hili: mwili hausahau kwamba figo hiyo si yake. Kinachoilinda ni dawa za kila siku, na kila anayemhudumia mgonjwa huyu anaweza kuiokoa au kuiharibu.

2. Kwa nini mwili hukataa figo ngeni

Karibu kila seli ya mwili ina alama za utambulisho juu yake, ambazo wataalamu huziita HLA. Mtu hurithi nusu ya alama hizo kwa baba na nusu kwa mama. Ndugu wa baba na mama mmoja wana nafasi moja kati ya nne ya kufanana kabisa, mbili kati ya nne ya kufanana nusu, na moja kati ya nne ya kutofanana hata kidogo. Ndiyo maana utafutaji wa mchangiaji huanzia kwenye familia.

Mfumo wa kinga hufanya kazi kama sungusungu wa kijiji: haumuulizi mgeni nia yake, ukimwona hajulikani hupiga yowe na wenzake wakakusanyika. Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, Marekani, daktari Joseph Murray alimpandikiza mgonjwa figo ya pacha wake wa kufanana. Figo ilifanya kazi bila dawa za kushusha kinga, kwa kuwa alama zilikuwa zilezile. Wasio na pacha wa aina hiyo huhitaji dawa.

Kukataliwa kwa figo huja kwa njia tatu:

(a) Ndani ya dakika au saa chache. Hufanywa na kingamwili ambazo mgonjwa alikuwa nazo kabla ya upasuaji. Kipimo cha kuchanganya damu ya mgonjwa na seli za mchangiaji kimefanya hali hii iwe nadra.

(b) Ndani ya wiki au miezi ya kwanza. Hufanywa zaidi na seli nyeupe za damu zinazoitwa seli T. Mara nyingi hutibika ikigunduliwa mapema. Hali hii yaweza kujitokeza hata baada ya miaka, hasa mgonjwa akiruka dozi.

(c) Polepole, kwa miaka. Figo hujaa makovu na kuchoka, wakati mwingine bila mgonjwa kuhisi chochote.

Kingamwili za kundi la kwanza hutokana na kuongezewa damu, ujauzito, au kupandikizwa kiungo hapo awali. Kwa hiyo mgonjwa anayesubiri figo asiongezewe damu bila sababu ya lazima. Kwa mwanamke aliyewahi kubeba mimba, idadi ya mimba zake, zikiwamo zilizoharibika, iandikwe kwenye barua ya rufaa. Huenda mwili wake umeshatengeneza kingamwili dhidi ya alama za mumewe, na pengine mume huyo ndiye anayejitolea figo.

3. Dawa na saa zake

Wengi hutumia dawa tatu kwa pamoja: takrolimasi, maikofenoleti na prednisoloni. Takrolimasi humezwa kila baada ya saa 12, kwa mfano saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Ikipungua kwenye damu, figo hushambuliwa. Ikizidi, dawa yenyewe huiumiza figo.

Kiwango chake hupimwa kabla ya dozi ya asubuhi. Mgonjwa anayetoka Bariadi alfajiri kwenda kliniki Mwanza aweke dozi hiyo mfukoni na kuimeza baada ya kutolewa damu. Akiimeza kwenye basi, kipimo kitaonyesha kiwango cha juu kisicho cha kweli, na daktari anaweza kumpunguzia dawa anayoihitaji.

Dawa zisisimamishwe ghafla kwa sababu yoyote, iwe mfungo, maombi au kujisikia mzima. Mgonjwa ahesabu vidonge vyake na kuagiza vingine vikiwa vimebaki vya wiki mbili.

4. Mgonjwa akifika zahanati

Figo iliyopandikizwa hukaa chini ya tumbo, upande mmoja, karibu na ngozi. Maumivu au uvimbe mahali hapo, mkojo kupungua, miguu kuvimba, uzito kupanda kwa siku chache, shinikizo la damu kupanda au homa: hizi ni dalili za rufaa ya siku hiyo hiyo.

Homa ipimwe malaria, lakini uchunguzi usiishie hapo. Prednisoloni huweza kuficha homa, hivyo mgonjwa mwenye joto la kawaida anaweza kuwa na maambukizi makali. Mwulizeni pia kuhusu kikohozi cha muda mrefu, kwa kuwa kifua kikuu humwandama mtu mwenye kinga iliyoshushwa.

Kabla ya kuandika dawa, zingatieni haya:

- Msimpe diklofenaki wala ibuprofeni. Sindano ya diklofenaki kwa mgongo unaouma inaweza kudhuru figo yake pekee inayofanya kazi. Parasetamoli hutosha mara nyingi.
- Rifampisini hushusha takrolimasi kwa kiasi kikubwa. Matibabu ya kifua kikuu yapangwe pamoja na kliniki ya figo.
- Erithromaisini, klarithromaisini, flukonazoli na ketokonazoli huipandisha. Balungi hufanya vivyo hivyo.
- Msimchome chanjo zenye vimelea hai, kama surua na homa ya manjano.
- Dawa za miti shamba asitumie bila kumweleza daktari wake.

Simiyu ni mkoa wa wafugaji. Mgonjwa anywe maziwa yaliyochemshwa tu, na asishike kwa mikono mitupu ng'ombe anayezaa au aliyetupa mimba. Asioge wala kuvua kwenye maji yenye kichocho.

5. Upandikizaji wa uloto

Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Hapa hatari huja pia kwa upande wa pili: uloto mpya ni kinga yenyewe, na unaweza kuushambulia mwili ulioupokea. Vipele, kuhara na macho kuwa ya manjano kwa mtoto wa aina hii visichukuliwe kuwa mzio wa chakula. Mpeni rufaa mara moja.

6. Wajibu wa mwajiri

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mchangiaji naye hupasuliwa, naye anahitaji kupona, asisahauliwe.

Baada ya kupona, wengi hurudi kazini. Mfanyakazi wa kiwanda cha kuchambua pamba apangiwe kazi isiyo na vumbi zito, na mkulima aache kunyunyizia viuatilifu. Asibebeshwe mizigo mizito miezi ya mwanzo. Ruhusa ya kwenda kliniki ni sehemu ya matibabu, na saa ya kumeza dawa iheshimiwe hata katikati ya zamu.

7. Wito

Bandikeni orodha ya dawa zilizokatazwa ukutani mwa chumba cha kutolea dawa, na andikeni namba ya simu ya kliniki ya figo ya mgonjwa kwenye kadi yake. Mkiwa na shaka, pigeni simu kabla ya kuandika dawa. Ndugu mmoja ametoa sehemu ya mwili wake ili mwenzake aishi; tuitunze zawadi hiyo kwa kazi tunayoifanya kila siku.