Usahaulifu baada ya kiharusi: damu yaweza kueleza nini?

JE, una mzazi au jamaa aliyepatwa na kiharusi, akatoka hospitalini akitembea na kuzungumza vizuri, lakini siku hizi anauliza swali lile lile mara tatu kabla ya chai kupoa?

Tuchukue mfano wa mzee wa miaka 62. Mkono wake wa kulia umerudiwa na nguvu na jamaa wote wanamshukuru Mungu. Mwezi wa pili anaanza kusahau kama amemeza dawa ya shinikizo la damu. Anaacha jiko likiwaka. Akienda dukani, anarudi mikono mitupu. Mkewe anadhani ni uzee, wanawe wanadhani ni ukaidi, na jirani ananong'ona kwamba amerogwa. Hakuna anayemwambia daktari, kwa vile kila mtu anautazama mkono tu.

Kosa hilo laweza kumgharimu mzee huyo maisha yake. Asiyekumbuka dawa hukosa kuimeza, shinikizo hupanda, na kiharusi cha pili huwa karibu. Tena hicho cha pili huharibu kumbukumbu zaidi. Mwaka wa 2009, watafiti Sarah Pendlebury na Peter Rothwell wa Oxford, Uingereza, walijumlisha matokeo ya tafiti nyingi. Walipata kwamba karibu mgonjwa 1 kati ya 10 hupatwa na demensia, yaani ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na fikra, muda si mrefu baada ya kiharusi cha kwanza. Kwa waliopatwa na kiharusi tena, idadi hiyo ilizidi theluthi moja.

Kwa nini mtu husahau?

Kiharusi hutokea wakati damu inapokosa kufika sehemu fulani ya ubongo, ama kwa sababu mshipa umezibwa na bonge la damu, ama kwa sababu umepasuka. Seli za sehemu hiyo hufa. Ikiwa ndizo zilizouongoza mkono, mkono hupooza. Ikiwa zilihusika na kumbukumbu au kupanga mambo, mtu husahau au huchanganyikiwa.

Aidha, shinikizo lililokaa mwilini kwa miaka mingi huwa limekwisha kuharibu mishipa midogo ya ubongo. Na kwa wengine, ugonjwa wa Alzheimer ulikuwa umeanza kimya kimya, kiharusi kikaja kuufichua.

Hakuna kipimo kimoja cha kujibu yote

Jamaa wengi huuliza: "Daktari, si umpime damu tujue kama akili yake itarudi?" Swali hilo lina maana. Mtu akishukiwa kupatwa na mshtuko wa moyo, hupimwa troponini katika damu, na jibu humsaidia daktari sana. Lakini hakuna kipimo kama hicho kinachotumiwa kwa kawaida kutabiri ni mgonjwa gani wa kiharusi atakayepoteza kumbukumbu.

Hata hivyo, damu hueleza mengi. Ili usichanganyikiwe, vigawe vipimo hivyo katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vinavyoonyesha kwamba mwili umejeruhiwa. Kimojawapo ni CRP, protini inayotengenezwa na ini, ambayo iligunduliwa mwaka wa 1930 huko New York katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Hupanda baada ya kiharusi, lakini pia hupanda mtu akiwa na maambukizi ya mapafu au ya njia ya mkojo, mambo yanayowapata sana wagonjwa wa kiharusi. Nyingine ni neurofilamenti, protini iliyo ndani ya nyuzi za neva. Neva zikiharibika, protini hii huvuja hadi kwenye damu, na kiwango chake huendelea kupanda kwa wiki kadhaa. Watafiti wameona kwamba wenye kiwango kikubwa mara nyingi hupata shida zaidi ya kufikiri baadaye. Lakini umri mkubwa na ugonjwa wa figo pia huipandisha. Kwa hiyo namba kubwa si hukumu, na namba ndogo si hakikisho.

Mwezi wa Mei 2025, Marekani iliidhinisha kipimo cha damu cha protini za tau na amiloidi kwa watu wa miaka 55 na zaidi wenye dalili za usahaulifu. Hicho husaidia kutambua ugonjwa wa Alzheimer. Hakikutengenezwa ili kupima madhara ya kiharusi.

Fungu la pili ni vinavyofichua usahaulifu unaotibika. Haya ndiyo ya kuulizia kwanza. Upungufu wa vitamini B12 huleta usahaulifu, na wenye kisukari waliotumia metformini kwa miaka mingi wamo hatarini. Tezi ya shingoni ikizembea, fikra huwa nzito. Chumvi ya damu ikishuka mno, au sukari ikishuka au kupanda kupita kiasi, mtu huchanganyikiwa. Kaswende na virusi vya Ukimwi vyaweza kuleta kiharusi na usahaulifu pia, na vyote viwili vina dawa. Lakini usikimbilie kununua vidonge vya vitamini B bila kupimwa. Kwa asiyepungukiwa, havijaonekana kuilinda kumbukumbu.

Fungu la tatu ni vinavyosaidia kuzuia kiharusi cha pili: kipimo cha sukari ya miezi mitatu, kiitwacho HbA1c, kolesteroli na hali ya figo. Mashine ya kupima shinikizo haihitaji damu hata tone moja, lakini ina faida kushinda vipimo vingi vya bei ghali.

Kabla ya kulipia kipimo chochote, muulize daktari: "Jibu likitoka, litabadilisha nini katika matibabu?" Ikiwa halitabadilisha lolote, heri pesa hizo zinunue dawa ya shinikizo.

Kumbukumbu hupimwa kwa kalamu

Kumbukumbu yenyewe hupimwa kwa maswali, karatasi na kalamu. Kipimo kimoja kinachotumiwa sana ni MoCA, kilichotolewa na Dkt. Ziad Nasreddine na wenzake huko Montreal, Kanada, mwaka wa 2005. Huchukua kama dakika 10 na kina alama 30. Mgonjwa husomewa maneno matano na kuulizwa baadaye ayataje. Huombwa pia kuchora saa.

Hapo kuna jambo la kuangaliwa. Saa inayochorwa huonyesha kile tunachokiita kwa Kiswahili saa tano na dakika kumi, mshale mfupi ukiwa karibu na 11. Mzee akiulizwa kwa Kiswahili akauelekeza kwenye 5, huenda amechanganywa na lugha tu. Basi aulizwe kwa lugha anayoielewa, akiwa na miwani yake, na asiharakishwe. Tena vipimo vya siku za mwanzo vyaweza kudanganya, kwa kuwa mgonjwa bado ni mchovu. Arudiwe baada ya miezi mitatu hadi sita. Mweleze daktari pia ikiwa mgonjwa ana huzuni isiyokwisha. Karibu theluthi moja ya waliopatwa na kiharusi huingiwa na huzuni nzito, nayo huleta usahaulifu lakini hutibika.

La kufanya nyumbani

Mtu mmoja wa nyumbani ashike zamu ya dawa, azipange katika kisanduku chenye siku za juma na kuhakikisha zimemezwa. Shinikizo liandikwe daftarini. Daftari lingine liandikwe mambo aliyoyasahau mgonjwa na tarehe zake, lipelekwe kliniki, kwani daktari humwona kwa dakika chache nawe waishi naye. Mgonjwa aache sigara, atembee kila siku na azungumze na watu.

Zaidi ya yote, usimkaripie. Baba anayeuliza mara tatu hakukusudia kukuudhi. Mjibu mara ya tatu kama ulivyomjibu mara ya kwanza, halafu siku ya kliniki ikifika, usiuzungumzie mkono peke yake.